Kwa Nini Mhasibu Asome Riwaya: Fasihi Ndani ya Kozi ya Uandishi

Kila mwaka, wiki ya pili ya muhula, lazima mmoja anyooshe mkono. Safari hii alikuwa msichana wa Wete, Pemba, anayesomea uhasibu. "Maalim, samahani," alisema. "Kozi hii imeandikwa kuwa ni ya uandishi. Mimi fasihi niliagana nayo kidato cha nne. Sasa riwaya na mashairi haya ni ya nini?"

Wenzake walimtazama kwa shukrani, maana swali lilikuwa la wote. Na ni swali la haki. Walimu wengi tunalijibu kwa haraka: fasihi inakuza msamiati, fasihi inapanua akili. Si uongo, lakini maneno hayo hayamfai kitu mtu ambaye mwisho wa muhula atadaiwa ripoti ya kurasa kumi yenye hoja inayosimama. Ninafundisha kozi hii Unguja kwa miaka sasa, na nimeona kwamba ugumu wake unatokana na jambo moja. Tunasema "kusoma riwaya" kana kwamba ni kazi moja, kumbe ni kazi mbili zenye jina moja, na mwanafunzi amefundishwa moja tu.

Mchanganyiko huu una historia, na haukuanzia kwetu. Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kiliwataka vijana wanaoomba kuingia waandike insha fupi ya Kiingereza, na mada ya insha itoke kwenye vitabu vya fasihi vilivyotangazwa, vikiwamo vya Shakespeare na Walter Scott. Kilichopimwa kilikuwa tahajia, sarufi na ufasaha. Vitabu vilikuwepo ili mtu apate la kuandika. Mwaka 1885 chuo hichohicho kikaweka kozi ya uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na vyuo vingine vikafuata. Kwa hiyo tangu mwanzo fasihi iliingia kwenye uandishi kwa mlango wa mada. Hakuna aliyekaa akasema riwaya itamfundishaje mtu kuandika ripoti.

Zaidi ya miaka mia baadaye Wamarekani wenyewe walikuwa bado wanabishana. Mwaka 1993 jarida la College English lilichapisha makala mbili zinazopingana, za walimu wawili wa uandishi. Erika Lindemann alisema fasihi haina nafasi katika kozi hiyo, kwa kuwa mwanafunzi anahitaji kujifunza namna wanavyoandika watu wa fani mbalimbali: mwanasayansi, mwanahistoria, mchumi. Gary Tate akajibu kwamba tunamnyima mwanafunzi hazina kubwa ya maandishi tukimfungia ndani ya maandishi ya kitaaluma peke yake, kwani maisha yake hayataishia chuoni. Nimewasoma wote wawili zaidi ya mara moja. Lindemann ananishinda kila ninapofikiria jinsi fasihi inavyofundishwa kwa kawaida. Tate ananirudisha kila ninapokumbuka inavyoweza kufundishwa.

Tuangalie hiyo kawaida. Mwanafunzi aliyepita skuli zetu anapofungua riwaya, jicho lake limeshazoezwa. Linatafuta dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa. Kisha wahusika, muundo, mtindo na matumizi ya lugha. Fani na maudhui. Swali la mtihani analijua kabla halijaulizwa: thibitisha kauli fulani kwa kutumia hoja tatu kutoka kila riwaya. Wako wanaofaulu vizuri bila ya kukifungua kitabu chenyewe, kwa sababu kijitabu cha mwongozo kimeshawachambulia. Uhakiki ni taaluma nzito na mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Lakini ukiuleta kama ulivyo kwenye darasa la uandishi, mwanafunzi anamaliza muhula akijua zaidi kuhusu kitabu cha mtu mwingine, na aya yake mwenyewe iko palepale ilipokuwa.

Nyumba niliyokulia, mtaa wa Ng'ambo hapa Unguja, mama na dada zake walikuwa wakishona kofia. Mteja akija huishika kofia, akaitazama mapambo yake, weupe wake, akaijaribu kichwani. Mtoto wa kike anayejifunza kushona haanzii hapo. Huigeuza. Anataka kuona uzi ulianzia wapi, ulifungwa wapi, vile vitundu vidogo vimewekwaje vikalingana. Kofia ni ileile moja. Mhakiki ni mjuzi wa upande wa nje, na ujuzi wake ni wa kweli. Darasa la uandishi ni la kugeuza.

Nitaonyesha kwa kipande nilichokitunga kwa ajili ya darasa, kama kwamba kimetoka kwenye riwaya (Mkoani ni bandari ya Pemba):

"Boti iliingia Mkoani saa tano. Bi Mize hakusimama. Alikaa juu ya kikapu chake, mkono kwenye fundo la pindo la kanga alimofungia nauli ya gari ya watu wawili. Abiria walishuka mpaka wakaisha. Akalifungua fundo, akazihesabu pesa, akalifunga tena."

Nikiuliza kipande hiki kinahusu nini, majibu yanakuja mbio: upweke, umasikini, vijana kuhamia mjini, nafasi ya mwanamke katika jamii. Nikiuliza ni neno gani linalotuambia kwamba Bi Mize alikuwa anamngoja mtu, darasa linanyamaza. Kisha mmoja huliona: "wawili". Tunalifuta. Tunasoma tena. Sasa ni mwanamke mwenye nauli mkononi, basi. Tunalirudisha, na mtu asiyekuwepo anarudi kukaa pale bandarini. Mwandishi hakuandika "alisikitika". Hakumtaja mtoto wala mume. Amemfanya azihesabu pesa anazozijua idadi yake, na sisi wenyewe tukaelewa.

Hilo ndilo ninalolitaka, na linahamishika. Aya ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huanza hivi: "Wajasiriamali wadogo wanakabiliwa na changamoto nyingi sana." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Ukiifuta hakipotei kitu, na hapo ndipo ubovu wake ulipo. Namwambia: nenda kaniletee "wawili" yako. Maana yake: katika yote unayoyajua kuhusu wauza samaki wa Darajani, ni jambo gani moja dogo, la kuonekana kwa macho au kuhesabika, ambalo ukiliondoa hoja yako inakufa? Wahasibu, nimeona, hulipata mapema kuliko wengine. Wamezoea kwamba tarakimu moja inaweza kuangusha hesabu nzima.

Kuna aina ya riwaya inayofundisha kitu kingine, nayo ni mpangilio wa ushahidi. Muhammad Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi na mwandishi wa magazeti, alituletea riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960, na ndani yake yumo mpelelezi wake, Bwana Msa. Watu huzisoma riwaya za namna hii kwa kutaka kujua nani aliyeua. Darasani nawasimamisha kabla ya mwisho. Kila mmoja achukue karatasi, aigawe kwa mstari katikati: upande mmoja aandike aliyoyaona kwenye kitabu, upande wa pili anayoyakisia. Halafu aandike ukurasa mmoja akimtaja anayemshuku na kwa nini.

Zoezi hili huumiza, kwa maana nzuri. Upande wa kukisia hujaa, upande wa kuona huwa na mistari mitatu. Mwanafunzi anatambua kwamba amemhukumu mtu kwa sababu ya sura yake au kwa sababu mhusika mwengine alimsema vibaya. Na mpelelezi mzuri katika riwaya anafanya jambo ambalo insha nyingi hazilifanyi: anamshughulikia kila mshukiwa kwa uadilifu kabla ya kumwacha. Haendi kwa mkosaji moja kwa moja akawapuuza wengine. Ndivyo ripoti inavyotakiwa iyatendee maelezo yanayopingana na yako: uyaeleze vizuri kiasi kwamba mwenye nayo angekubali umemwelewa, kisha useme kwa nini hayatoshi.

Lakini hapa pana mtego, na nisipousema nitakuwa nimewapotosha. Riwaya ya upelelezi huficha jibu mpaka mwisho kwa sababu inauza hamu. Ripoti hailifichi. Msomaji wa ripoti, awe mkaguzi, mkurugenzi au mwalimu, anataka kujua unadai nini kwenye ukurasa wa kwanza, ndipo akufuate katika ushahidi. Kila mwaka hupata wanafunzi watatu au wanne walioipenda riwaya kiasi cha kuuiga mpangilio wake, hoja yao ikajitokeza ukurasa wa tisa. Cha kuchukua ni tabia ya kupima ushahidi. Kuchelewesha hukumu ni mali ya riwaya, ibaki huko.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, imejengwa juu ya mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Mgomo ni wa kweli, umo katika historia. Rashidi, mhusika mkuu, ametungwa. Sasa nipe mwanafunzi mada ya historia ya wafanyakazi Zanzibar uone: ataandika kwamba hali ilikuwa mbaya mwaka 1948, na ushahidi ni maneno ya Rashidi. Huko ni kumwita mahakamani shahidi asiyezaliwa. Riwaya inaweza kukuonyesha watu wa mwaka 1979 walivyokuwa wanaufikiria mgomo ule, au jinsi mwandishi alivyochagua kuufanya uhisike. Mshahara wa kuli kwa siku kautafute kwenye Nyaraka za Taifa kule Kilimani. Na kosa hili hatulifuti kwa kuiondoa riwaya darasani. Linafutika pale mwanafunzi anapoulizwa kila mara, sentensi hii ni ushahidi wa nini?

Tuje kwenye mashairi, ambako upinzani ni mkali zaidi na faida, kwa maoni yangu, ni kubwa zaidi.

Mwanafunzi wa Visiwani ana urithi ambao hajui kama ni chombo cha kazi. Amesikia tenzi zikisomwa, amekua na taarabu, ana babu au ami anayehesabu mizani, yaani silabi za mshororo, kwa vidole. Shairi la kawaida la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwenye ukwapi (kipande cha kwanza) na nane kwenye utao (kipande cha pili). Ukizidisha silabi moja, msikilizaji mzee anakunja uso. Shairi limekuwa guni, yaani limekosa kanuni. Hii ni nidhamu ya kupunguza, na ugonjwa wa kwanza wa uandishi wa chuoni ni kukataa kupunguza.

Chukua sentensi hii, ya aina ninayokutana nayo kila siku: "Kwa kweli napenda kusema kwamba suala la kupanda kwa bei ya zao la karafuu katika msimu uliopita liliweza kuleta furaha kubwa kwa wakulima walio wengi." Tuihesabu kama mshairi. Ina mizani 62. Sasa nipe maana yake kwa mizani 16, vipande viwili. Darasa linahangaika, linacheka, linahesabu vidole. Linafika hapa:

"Karafuu imepanda, mkulima kafurahi."

Nane kwa nane. Zimekwenda wapi mizani 46 zilizobaki? "Kwa kweli" haikuwa na kazi. "Napenda kusema kwamba" haikuwa na kazi. "Suala la", "liliweza kuleta", "walio wengi", kadhalika. Mwanafunzi aliyeyaondoa maneno hayo kwa vidole vyake hayarejeshi tena kwa urahisi. Nimewahi kuwaeleza habari ya kuepuka maneno ya ziada kwa mhadhara wa saa nzima, haikuwaingia. Vidole viliwaingia kwa dakika kumi.

Ila zoezi haliishi hapo, na wanaoishia hapo wanafundisha nusu. Mshororo wetu umepoteza mambo ya kweli pia. Msimu upi? Bei gani? Tena, umeficha sababu: umeziweka habari mbili bega kwa bega, ukamwachia msikilizaji aziunganishe. Shairi linaruhusiwa. Ndiyo heshima linayompa msikilizaji. Ripoti hairuhusiwi, kwa sababu ndani ya ule uwazi kati ya "imepanda" na "kafurahi" ndimo uongo unamopita. Nani huyo mkulima? Mwenye mikarafuu, au mchumaji anayelipwa kwa pishi, kipimo cha karafuu alizochuma? Bei ikipanda sokoni, malipo ya pishi nayo hupanda? Mtoto wa Pemba analijua swali hili kutoka nyumbani kwao, lakini sentensi ile ya mizani 62 ilimsahaulisha kuuliza. Ile ya mizani 16 ilimkumbusha, kwa kuwa ilikuwa tupu kiasi cha kuonyesha pengo. Basi aya ya ripoti inajengwa pale: tunarudisha maneno, safari hii yale tu yenye kazi.

Wengine hunyanyua neno kuhusu ruhusa za mshairi: inkisari (kufupisha neno), mazida (kulirefusha), tabdila (kubadili umbo lake bila kuongeza wala kupunguza silabi), na kule kupindua mpangilio wa maneno tunakokuita kuboronga sarufi. Je, vijana hawatazileta kwenye insha? Wanazileta. Nimesahihisha "yangu maoni" na "hiyo hoja naipinga" mpaka nikachoka. Dawa ni kuwaeleza bei yake: mshairi amepewa ruhusa hizo kwa sababu amekubali kufungwa na vina na mizani. Mwandishi wa nathari, yaani maandishi yasiyo ya ushairi, hajafungwa hivyo, kwa hiyo hana ruhusa ya kudai. Wakilijua hilo wanaacha wenyewe. (Ubishi wa kama shairi bila vina na mizani ni shairi, uliowaka hasa baada ya diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, siuingizi kwenye kozi hii. Mtunzi huru naye ana nidhamu yake, lakini haihesabiki kwa vidole.)

Lipo na kujibizana. Washairi wa kale wa Pemba, akina Kamange na Sarahani, walitoka katika utamaduni ambamo shairi hujibiwa kwa shairi, na anayejibu huonyesha kwanza kwamba ameisikia kauli ya mwenzake. Nawapa wanafunzi zoezi la beti mbili, mmoja kuuliza, mwengine kujibu, kisha walizungumze jambo lilelile kwa aya mbili za nathari. Ubishi wao wa maandishi unakuwa na adabu ambayo sijafanikiwa kuipata kwa njia nyingine.

Jambo ambalo wageni hawalioni upesi ni lugha. Kozi nyingi za uandishi vyuoni kwetu zinafundishwa kwa Kiingereza, na urithi nilioueleza ni wa Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi anabeba mizigo miwili, ya kufikiri na ya kufasiri. Hapa Abdulrazak Gurnah ametusaidia pasipo kukusudia. Kazaliwa Unguja mwaka 1948, akaandika kwa Kiingereza, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Na riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 tunayo kwa Kiswahili kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ninaweka ukurasa mmoja wa kila lugha mezani. Swali ni moja: Kiswahili kimesema kwa neno moja nini ambacho Kiingereza kimehitaji sentensi, na kinyume chake? Baada ya hapo mwanafunzi anaacha kudhani kwamba Kiingereza chake kibovu ni ushahidi wa akili mbovu. Anaona kwamba hata mabingwa wanachagua, wanaacha, wanapoteza. Nimeona mabega yakishuka darasani siku hiyo, na kwangu mimi hilo peke yake lingetosha kuihalalisha riwaya.

Hayo yote hayamfuti Lindemann. Anayesomea uhasibu lazima asome pia ripoti za ukaguzi zilizoandikwa vizuri, na wa uuguzi asome maandishi ya wauguzi. Mimi sitoi zaidi ya theluthi ya muhula kwa fasihi, na sitoi swali hata moja la dhamira wala mhusika mkuu. Mtihani wangu hauulizi kitabu kinasema nini. Unampa mwanafunzi aya yake mwenyewe ya wiki ya kwanza na kumtaka aiandike upya, kisha aeleze kila alichokibadilisha na kwa nini.

Yule msichana wa Wete aliandika ripoti kuhusu biashara ya mkopo katika maduka ya mtaani. Alianza kwa daftari la duka la ami yake: "Daftari hili lina kurasa 40. Kurasa 37 ni za wadaiwa." Aliniletea rasimu mwenyewe, haijafika hata siku ya kukusanya.

"Maalim, neno hili linanikera. Wadaiwa. Nusu yao wameshalipa, ami hajawafuta tu. Nikisema waliokopa, wengine hawakukopa, waliandikiwa na watoto waliotumwa."

Nikamwambia akae nalo. Siku ya kukusanya ripoti ilikuwa ileile, imebadilika mahali pamoja: "Kurasa 37 ni za walioandikwa."

Chini yake aliongeza aya nzima mpya, ya tofauti kati ya aliyeandikwa na anayedaiwa, na hasara ambayo duka linaipata kwa kutozitofautisha.